Nasaba Si Hati ya Kutawalia

Katika mabaraza yetu wamezuka wasemaji wa namna mbili, na wote wawili twawaona kuwa ni khatari kwa umoja wa wanachama. Wa kwanza ni yule asiyeweza kusema maneno matatu ya siasa bila ya kuwahesabu babu zake mpaka wa saba, kana kwamba kura hupigwa makaburini. Wa pili ni yule ambaye akikosa jibu la hoja ya mwenzake humwuliza ukoo wake, na akishasikia jina la Kiarabu, au la Kibara, hudhani amekwisha mshinda. Jina litajwalo mara nyingi katika magomvi haya, na hasa Pemba, ni la Mazrui. Mmoja hulitaja kwa kujivuna, mwengine kwa kutukana. Na tukiwasikiliza wote wawili twaona wazi kwamba hawazijui khabari za watu wanaowataja.

Tumeonelea basi kuziweka khabari hizo mbele ya wasomaji. Ukoo huu ulitawala Mvita kwa muda unaokaribia miaka mia moja, na Pemba kwa sehemu kubwa ya muda huo. Nasaba yao haikupungua hata siku moja katika miaka hiyo. Kilichopungua, na hatimaye kikawatoka kabisa, ni kitu chengine, nacho ndicho tunachotaka wanachama wakitazame.

Mazrui ni kabila la Kiarabu la Oman, na wazee wao walikuja pwani hii katika utumishi wa Maimamu wa ukoo wa Yaarubi. Yaarubi walimtoa Mreno Maskati mwaka 1650, na sifa hiyo ilipofika huku, watu wa Mvita waliokuwa wamechoshwa na Mreno wakapeleka wajumbe kuomba msaada. Ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 ilizingirwa mwezi wa Machi 1696, ikaanguka Disemba 1698, baada ya waliokuwamo kumalizwa na maradhi na njaa zaidi kuliko kumalizwa na risasi. Mreno alirudi mwaka 1728, Oman ilipokuwa imeshughulika na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hakudumu. Mwaka 1729 watu wa Mvita wakamtoa kwa mikono yao, bila ya kungojea jeshi la mtu, kisha ndipo walipopeleka wajumbe Oman kutaka waletewe liwali.

Tunaomba jambo hili lisipitwe haraka. Waarabu wa Oman hawakuipata Mvita kama mtu aokotavyo dafu lililoanguka. Mara zote mbili waliitwa, na mara ya pili waliitwa na watu waliokwisha kujikomboa wenyewe. Maliwali wa mwanzo walikuja na kuondoka, mpaka akaja Muhammad bin Uthman al-Mazrui, naye alikuja kama mtumishi wa dola, amepewa kazi ya kuilinda ngome na kukusanya kodi. Hakuja kama mwenye nchi.

Dola iliyompeleka ndiyo iliyokufa kwanza. Yaarubi waligombana wao kwa wao, Waajemi wakaingia Oman, na aliyewatoa ni Ahmad bin Said al-Busaidi, liwali wa Suhar, ambaye watu walimfanya Imamu. Muhammad bin Uthman alikataa kumtambua. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuifahamu: huyu alikuwa liwali kama mimi, naye amejitwalia nchi aliyokabidhiwa, kwa nini basi mimi nisiishike hii niliyokabidhiwa? Imamu hakumjibu kwa barua. Mwaka 1746 walifika Mvita watu waliojifanya kuwa wamegombana na Imamu, wakapokewa ngomeni kama wageni, wakamwua mwenyeji wao, na ndugu yake Ali bin Uthman wakamtia kifungoni.

Hapa ndipo enzi ya Mazrui ilipoanza kwa hakika. Ali alitoroka, akasaidiwa na wenyeji wa Mvita, na jirani zao wa Kimijikenda, na nahodha mmoja wa Kiingereza aliyekuwapo bandarini, akaitwaa ngome na kuwaua waliomwua nduguye. Tangu siku hiyo liwali wa Mvita hakuteuliwa tena na Oman. Jina la cheo lilibaki lile lile, lakini maana yake iligeuka. Liwali asiyekuwa na bwana ng'ambo ya bahari hana budi kuwa na wenyewe pale pale alipo, na wenyewe hao walikuwa Thenashara Taifa.

Wasomaji wetu vijana huenda wasijue maana ya neno hili. Watu wa Mvita walikuwa mafungu mawili. Fungu moja ni Tatu Taifa, yaani Wakilindini, Wachangamwe na Watangana. Fungu la pili ni Tisa Taifa, wakiongozwa na Wamvita, pamoja na watu walioshuka kutoka Mtwapa, Kilifi, Jomvu, Pate, Faza, Shaka na kwengineko kaskazini. Kila fungu lilikuwa na masheikh wake, na kila moja lilikuwa na marafiki zake bara: Wadigo na Waduruma upande wa Tatu Taifa, Wagiriama na wenzao upande wa Tisa Taifa. Mazrui walikuwa wachache mno. Hawakuwa na khazina ya kuajiri askari wa Kibaluchi kwa mamia. Nguvu zao zilitoka katika mafungu haya mawili, na kazi kubwa ya liwali ilikuwa kukaa baina yao bila ya kumlalia mmoja. Waliowa kwao, wakasema lugha yao, na vizazi vilivyofuata viliiacha madhehebu ya Ibadhi ya wazee wao wakafuata Shafii kama watu waliokaa nao. Mshairi mkubwa wa mji, Muyaka bin Haji, hakuwa Mazrui, lakini aliisimamia enzi yao kwa ulimi wake kana kwamba ni ya baba yake. Mtu hanunui mapenzi ya namna hiyo kwa shajara ya ukoo.

Walakini ubora huu wa Mvita haukufika Pemba, na hapa ndipo tunapowaomba ndugu zetu wanaojivuna wasikilize kwa makini zaidi.

Kisiwa cha Mvita hakina mashamba ya kukilisha. Kiliishi kwa mchele wa Pemba, na kwa sababu hiyo yeyote aliyeishika Mvita alitaka kuishika Pemba. Ali bin Uthman alilifahamu hili, akaiweka Pemba chini ya mkono wake, na katika miaka ya mwanzo ya 1750 akavuka kuja Unguja kuwatoa watu wa Busaidi. Alikaribia kufaulu, lau si mpwawe aliyemchoma kisu hadi akafa katikati ya vita, na jeshi likarudi na maiti yake. Masud bin Nasir akakikalia kiti baada yake. (Wapo wanaopenda kujiuliza Unguja ingalikuwaje lau kisu kile kisingalichomolewa. Sisi twaona inatosha kusema kwamba wakati wa kushinda ndio wakati ambao ukoo huu ulianza kuuana.)

Pemba ilitawaliwa na wakili wa Mvita kwa zaidi ya miaka sabini. Makaburi ya Mazrui yako mpaka leo Chwaka, karibu na Tumbe. Lakini mapokeo ya Wapemba hayakuhifadhi sifa nyingi za utawala ule. Hapakuwa na mafungu yenye masheikh ambao wakili alilazimika kuwataka shauri kila jambo, kama ilivyokuwa Mvita. Palikuwa na mpunga wa kupelekwa ng'ambo, na amri ya kuupeleka. Ukoo ule ule, nasaba ile ile, damu ile ile: Mvita ulitawala kwa kushauriana na Pemba ulitawala kwa kudai. Je, mwenye kujivuna kwa babu zake anajivuna kwa utawala upi katika hizi mbili? Na mwenye kuwatukana anautukana upi?

Mwaka 1812 au 1813, katika siku za Ahmad bin Muhammad, watu wa Mvita na wa Pate walikwenda Lamu wakavunjwa vibaya pwani ya Shela. Watu wa Lamu, kwa kukhofu kisasi, wakamwita Sayyid Said bin Sultan wa Maskati, naye akapeleka askari. Mwaka 1814 akafa Ahmad, na mwanawe Abdallah alipokaa akakata hata ule urafiki wa maneno na Maskati. Wasimulizi husema kwamba mahali pa zawadi ya heshima alimpelekea Sayyid Said kibaba, baruti kidogo, risasi, na vazi la chuma la vita. Ni kejeli tamu, na Waswahili hupenda kuihadithia. Lakini kejeli si jeshi. Sayyid Said alikuwa na manowari, na alikuwa na subira, na subira ndiyo iliyokuwa silaha kubwa zaidi katika hizo mbili.

Kisha Wapemba wenyewe, kwa mujibu wa mapokeo yao, wakapeleka wajumbe kwa Sayyid Said kumwomba awaondoshee Mazrui. Mnamo 1823 Pemba ilikuwa imekwisha toka mikononi mwa Mvita, na Mazrui waliotumwa kuirejesha walishindwa. Hatuwalaumu wazee wetu wa Pemba. Aliyebanwa hupiga hodi mlango ulio karibu. Lakini yafaa tuseme pia walichokipata: walitoka katika utawala wa wakili wa Mvita wakaingia katika utawala wa liwali wa Busaidi, na hapana aliyewauliza neno. Baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha mikarafuu ya Unguja, mikarafuu ikaenea Pemba kuliko kwengine kokote, na kisiwa kilichokuwa kikiilisha Mvita kikawa kinanunua mchele wa kuletwa na majahazi na meli. Aitwaye kumtoa mgeni huja na haja zake.

Mazrui nao, kwa kuikosa Pemba, wakafanya jambo lile lile, ila wao walimwita mtu wa mbali zaidi. Mwezi wa Februari 1824 alifika Mvita Kapteni William Owen wa jeshi la bahari la Uingereza, akaikuta bendera ya Kiingereza imekwisha pandishwa juu ya ngome na wenyewe, kabla hata ya kukubaliwa. Liwali wakati huo alikuwa mzee Sulaiman bin Ali. Masharti yaliandikwa: Mazrui warejeshewe milki zao za zamani, na hapo jicho lao lilikuwa Pemba, kiti kibaki katika ukoo wao, Mwingereza aweke mtu wake mjini, ushuru wa bandari ugawanywe nusu kwa nusu, biashara ya utumwa ikomeshwe. Owen alitia saini kwa niaba ya serikali ambayo haikumtuma kufanya hivyo, akaenda zake. Luteni Reitz aliyeachwa kuwa mkubwa alikufa kwa homa miezi michache baadaye, na hori la upande wa Kilindini linaitwa kwa jina lake mpaka leo, ingawa hapana liwali hata mmoja wa Kimazrui aliyepata heshima kama hiyo kwa utawala wa miaka thelathini. London haikuyathibitisha mapatano, kwa kuwa haikutaka kumuudhi Sayyid Said ambaye ilimhitaji kwa mambo yake mengine; na mwezi wa Julai 1826 bendera ikashushwa. Pemba haikurejeshwa hata shamba moja. Ushuru uliogawanywa katika miaka ile miwili hapana aliyeurudisha.

Twalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu wapo kati yetu, mpaka leo, wanaoamini kwamba haki ya kisiwa hiki italetwa na mkubwa fulani wa ng'ambo atakayesikia kilio chetu akatia saini karatasi. Mazrui walikuwa na karatasi, na walikuwa na bendera.

Sasa tutazame namna walivyoanguka, maana hili ndilo lisilosemwa mabarazani. Salim bin Ahmad ndiye aliyekuwa liwali katika miaka migumu kabisa. Sayyid Said alimjia na manowari mwanzo wa 1828, wakapatana kwamba Busaidi aweke askari ngomeni na Salim abaki kuwa liwali. Haukupita muda mrefu Mazrui wakawazingira askari hao na kuwatoa. Akarudi mwisho wa 1829, akashindwa. Akarudi 1833, akashindwa. Huyu ni mfalme aliyekuwa na manowari nyingi kuliko mtawala mwengine yeyote wa bahari hii, naye alishindwa na mji mmoja ambao ukoo wake mtawala ungeweza kukaa wote katika ua mmoja. Alishindwa kwa sababu Tatu Taifa na Tisa Taifa walikuwa ukutani pamoja.

Salim akafa mwaka 1835. Warithi walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na nasaba kamili, wala hapana aliyeweza kumwambia mwenzake kwamba yeye si Mazrui. Ndugu wakasimama dhidi ya ndugu na watoto wa ndugu, na kiti kikapita mikono mpaka kikamwangukia Rashid bin Salim mwaka 1836. Katika magomvi hayo watu wa mji walisahauliwa. Wakilindini, waliokuwa nguzo ya Tatu Taifa, wakaona kwamba hawasikilizwi tena wala hawaheshimiwi, na baadhi ya wakubwa wao wakapeleka ujumbe kwa Sayyid Said. Mwaka 1837 akaja, na safari hii hakuhitaji kupiga mizinga. Ngome ilikabidhiwa. Baadaye Rashid na wakubwa wengine wa ukoo wakashikwa kwa hila, wakatiwa merikebuni, wakapelekwa Bandar Abbas, upande wa Uajemi. Hawakurudi tena.

Waliosalimika wakatoka Mvita wakajenga miji yao, wengine Takaungu upande wa kaskazini, wengine Gazi upande wa kusini. Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mtoto wa yule Rashid aliyepelekwa Bandar Abbas, alipigana na masultani wa Unguja mara kadhaa, na mwaka 1895 akapigana na Waingereza walipojitwalia madaraka ya kuchagua nani awe mkubwa wa Takaungu. Mwezi wa Aprili 1896 akavuka kwa Wajerumani akasalimu amri, akafa Dar es Salaam mwaka 1910. Alikuwa shujaa, hapana anayekataa. Wala Busaidi waliowashinda hawakupata kheri ya kudumu. Waingereza waliwaacha na kiti na kuwanyang'anya nguvu, na tarehe 12 Januari 1964 kiti chenyewe nacho kikaondoka.

Katika siku za Januari ile, wanachama wenye umri wanakumbuka na wasiokuwa na umri wamehadithiwa, watu wa kisiwani humu waliulizwa baba zao ni nani na babu zao walitoka wapi, na jibu likawa ndilo hukumu. Waliuliwa wakulima, wenye maduka madogo, watoto, watu ambao babu zao hawakupata kutawala hata mtaa. Kwa hivyo tunapomsikia msemaji wa chama chetu, katika mkutano wetu, akimwambia mwenziwe "rudi kwenu Oman" au "rudi kwenu bara", hatucheki. Na tunapomsikia mwengine akisema kwamba watu wa ukoo fulani wamezaliwa kutawala, twaona kwamba huyo naye anaitia makali panga lile lile kwa upande wa pili.

Jina la Mazrui halikufa pamoja na enzi yao. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa 1891 akafa 1947, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, na kabla ya hapo alitoa magazeti yake Mvita, Sahifa na kisha Islahi, kuwaamsha Waislamu wa pwani waache uvivu na wasome. Aliandika kwa Kiarabu tarikhi ya ukoo wake mwenyewe, na hakuyaficha magomvi ya wazee wake. Tunawaomba wenye kujivuna waige hilo tu. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alijulikana duniani kote kwa kalamu yake, na alipofariki Marekani mwezi wa Oktoba 2014 alirudishwa Mvita akazikwa katika makaburi ya ukoo karibu na ngome. Ngomeni hapakuwa na liwali wa kumpokea. Walikuwapo watu wa mji.

Makatibu wa matawi wanajua kwamba gazeti hili ni la karatasi chache na wino wake hununuliwa kwa michango ya wanachama. Kuanzia toleo lijalo, makala yoyote itakayoletwa kumsifu mtu kwa ukoo wake, au kumtukana kwa ukoo wake, awe wa chama hiki au wa chama kinachotawala, haitachapwa. Itarudishwa kwa mwenyewe kwa mkono wa katibu aliyeileta. Barua zinazohusu bei ya karafuu, daftari la wapiga kura na mashamba yaliyochukuliwa bila ya fidia zitatangulizwa.